Kabla bibi hajasahau majina

Bombo, Jumapili usiku

Mama Shamim,

Salaam aleikum. Ijumaa uliponipigia nilikuwa nimebanwa kwenye teksi pale Wandegeya, mama mmoja amenipakatisha kuku wake, kondakta anapiga kelele dirishani. Ndiyo maana nilikujibu ovyo. Uliuliza: chuo kikuu na utumwa, wapi na wapi? Sasa watoto wamelala, umeme umerudi, nikueleze.

Mhadhiri mmoja aliniomba nimsaidie kuandaa masomo juu ya vyuo vya ng'ambo vinavyochimba historia yao wenyewe. Nilidhani nitasoma, nitafupisha, nitalipwa, karo ya Twaha itoke. Kumbe.

Kuna chuo kinaitwa Georgetown, cha mapadri Wajesuiti, pale Washington. Mwaka 1838 kilikuwa kimezama kwenye madeni. Mapadri haohao walikuwa na mashamba Maryland, jimbo la jirani, na walikuwa na watumwa wa kuyalima. Wakawauza watu 272 kwa dola 115,000, wakaenda kulimishwa Louisiana, kusini kabisa. Sehemu ya malipo ya kwanza ikaenda kuwatuliza wadai wa chuo. Aliyesimamia mauzo, Padri Thomas Mulledy, alikuwa ameshakuwa mkuu wa chuo hichohicho, na jengo moja liliendelea kubeba jina lake mpaka mwaka 2015, wanafunzi walipokwenda kukaa kitako ofisini kwa mkuu.

Hati ya mauzo ipo. Niliisoma kwenye simu, naipanua kwa vidole. Inaanza na Isaac, miaka 65. Anafuata Charles, mwanawe mkubwa, miaka 40. Kisha Nelly, 38. Halafu watoto, mstari baada ya mstari, kila mmoja na umri wake, kama lile daftari la mkopo la duka la pale kona, sukari nusu, sabuni moja. Nilikuwa nakula muhogo. Niliuweka chini.

Jengo lile sasa linaitwa kwa jina la Isaac, Isaac Hawkins. Wazao wa wale 272 wamepatikana kwa maelfu, wengine bado wako Louisiana kwenye kijiji cha Maringouin, wala hawakujua. Na wamepatikana kwa sababu mapadri waliandika kila kitu: ubatizo, ndoa, deni, bei. Hapo ndipo nilipokasirika, na utanicheka nikikwambia nilichokasirikia. Ulikuwa wivu. Yaani mtu aliuzwa, lakini angalau muuzaji alitunza jina lake.

Vyuo vingine nitavipitia haraka, maana nikianza hatutalala. Brown, hukohuko Marekani, mkuu wake wa wakati huo Ruth Simmons, ambaye mwenyewe ametoka kwenye ukoo wa watumwa, aliunda kamati mwaka 2003, ripoti ikatoka 2006, ndani yake kuna meli moja ya watumwa, Sally, iliyoondoka mwaka 1764 na ikapoteza zaidi ya watu mia kati ya 196 ilionunua. Glasgow kule Scotland ilikiri kwamba ilipokea pesa za watu walioneemeka kwa utumwa ingawa chuo chenyewe kilikuwa kikiupinga, na mwaka 2019 ikaahidi pauni milioni 20 kwa kazi ya pamoja na chuo cha West Indies kule Karibi. Mimi naona kuupinga huku unapokea ndiko kunakouma zaidi, lakini mhadhiri anasema nisiandike hivyo.

Tafadhali usimwambie shemeji kwamba nasema Makerere iliuza watu. Ilianza mwaka 1922, shule ya ufundi, useremala na ujenzi, na utumwa ulikuwa umeshapigwa marufuku. Machifu Waprotestanti wa Buganda walitia saini kuwaacha huru watumwa wao tangu 1893. Ila mhadhiri anawataka wanafunzi waitazame kasanvu, ile kazi ya lazima ya serikali kwa ujira mdogo, iliyofutwa mwaka huohuo wa 1922. Mimi nikasema kasanvu si utumwa, kuvitia kapu moja ni kuwadhulumu waliouzwa kweli. Yeye akasema kapu lenyewe ni moja. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Nikaenda ofisi moja kutafuta daftari za zamani. Njoo Jumatano. Leta barua. Barua haina muhuri. Siku ya nne nikafunguliwa jalada lililoliwa na mchwa pembeni. Ndani: wapagazi, idadi, siku, malipo. Ukurasa wa pili vilevile. Jina hata moja hakuna. Jina la mzungu aliyewahesabu lipo, tena kwa mwandiko mzuri.

Nikarudi nyumbani nikiwafikiria wetu. Sisi Wanubi tunapenda kusema babu zetu walikuwa askari, tunaishia hapo. Lakini askari walitoka wapi? Misri iliingia Sudan mwaka 1820 ikitafuta dhahabu na watumwa wa kutia jeshini. Vijana wakakamatwa vijijini, wakapewa bunduki. Ndio waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa Misri kule kusini mwa Sudan, ndio walioachwa Kavalli karibu na Ziwa Albert alipoondoka na Stanley, mzungu aliyekuja kumwokoa, mwaka 1889, ndio Lugard, afisa wa kampuni ya Waingereza, aliowachukua mwaka 1891. Bibi yangu alikuwa akisuka kikapu, akaniambia siku moja tu, bila kuinua macho, kwamba babu wa babu yake alikuwa na jina jingine kabla hajapewa hili la Kiislamu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikakimbilia nje kucheza. Sikuuliza.

Kwa hiyo nina ombi. Bibi yako bado yupo, na uliniambia asubuhi kumbukumbu zake ni nzuri kuliko jioni. Mkalie karibu asubuhi, akiwa na kahawa yake. Neno mtumwa usilitaje, atafunga mdomo siku hiyo na kesho yake. Anza na kusuka, nani alimfundisha, na huyo alifundishwa na nani, panda juu polepole. Ukifika kwa aliyetoka Sudan, uliza mama yake alimwitaje. Uliza mto, mlima, chochote. Weka simu irekodi, ifiche chini ya mtandio kama anaogopa, halafu ukimaliza umwambie ukweli kwamba ulirekodi, asije akasema tumemwibia.

Chaji ijae. Simu yako ile najua inazima ikifika asilimia ishirini.

Nikipata nauli mwezi ujao nitapanda basi la usiku nije Arua. Nitamletea kahawa ya Bombo, ya kwenu huko anailalamikia kila mara.

Wako,
Mama Twaha