Mjomba au baba mkubwa?

Swahiba yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, umeme tu ndio unaotuchezea.

Umeniuliza mara mbili nazionaje zile filamu mbili za Spider-Man zinazorudia kisa kimoja, basi jibu lipokee. Juzi nilikesha na zote: ya mwongozaji Sam Raimi ya 2002, kisha ya mwenzake Marc Webb ya 2012. Miaka kumi tu, na kijana yuleyule, Peter, anang'atwa na buibui upya! Raimi alikuwa aendelee na filamu ya nne, mpango ukavunjika Januari 2010, kampuni ya Sony wakaamua kuanza moja.

Hilo limekukera wewe, mimi halikunikera. Bibi alirudia ngano zake usiku hadi usiku na hatukumzuia. Mimi natazama kosa la Peter tu: kumwachia mwizi ambaye baadaye anamuua Ben, mlezi wake. Kwa Raimi, Peter anapigana mieleka akitegemea dola 3,000, anaambulia 100. Aliyempunja anapoibiwa, anampisha mwizi. Kwa Webb, kapungukiwa senti mbili za maziwa na muuzaji hamhurumii. Mwizi anakomba pesa, anamrushia maziwa yake, anaondoka, naye Peter hamzuii. Senti mbili! Hapo Webb kanipata, maana donge hilo nimelimeza sana pale kwa Mangi.

Kilichoniuma ni Ben. Tangu enzi za kibanda umiza tunamwita "Mjomba Ben", kisa msimulizi alisema hivyo, kumbe ni ndugu wa baba yake Peter. Baba mkubwa yule! Peter hakufiwa na mjomba wa kuja sikukuu, kafiwa na mzazi. Sasa Webb anaanza na wazazi wakimwacha mtoto usiku kwa Ben na mkewe May, halafu anamletea mkoba wa baba na siri zake, akili yote ya kijana ikahamia huko. Muuaji wa Ben anasakwa wee, kisha anasahaulika. Filamu inakwisha hajapatikana. Kwa Raimi, Peter anamfuata usiku uleule.

Walipoanza tena 2017 na mwigizaji Tom Holland wakauruka msiba wote, wewe ukashangilia. Mimi nilikaa namsubiri Ben mpaka taa zikawashwa.

Flashi nimempa mdogo wako, atafika nayo Ijumaa. Anza na ya 2002, na pale kwenye mieleka usipeleke mbele. Nakujua.

Wako daima.