Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka 2024, mwaka ambao darasa letu la uraia lilishughulika na jambo moja kuliko mengine yote: uchaguzi wa baraza la Mkoa wa Kaskazini wa Sri Lanka, uliofanyika tarehe 21 Septemba 2013, miaka minne baada ya vita vya zaidi ya robo karne kati ya serikali na waasi wa Kitamili kumalizika. Hesabu za chama ataziwasilisha mwekahazina, kwa hiyo sitazigusa.

Baadhi yenu mliuliza, na mlikuwa na haki ya kuuliza, kisiwa hicho kinatuhusu nini sisi wakazi wa Nairobi. Kwanza, ujumbe wa waangalizi wa Jumuiya ya Madola uliongozwa na Mkenya, Stephen Kalonzo Musyoka, aliyekuwa Makamu wa Rais wetu. Na kama habari zake hazikutufikia, ni kwa sababu Jumamosi hiyo ndiyo jengo la Westgate lilishambuliwa, na kila mmoja wetu alikuwa akiwatafuta watu wake. Pili, Machi mwaka huohuo sisi nasi tulikuwa tumechagua magavana na mabunge ya kaunti kwa mara ya kwanza.

Mabaraza ya mikoa ya Sri Lanka yaliundwa na marekebisho ya 13 ya katiba mwaka 1987, kufuatia mapatano na India, ili kujibu malalamiko ya Watamili, jamii ya wachache nchini humo, wa Kaskazini na Mashariki. Hata hivyo, mikoa ya kusini, ambayo haikuwa imeyadai, ndiyo iliyoyachagua muhula baada ya muhula, ilhali Kaskazini iliunganishwa na Mashariki, ikapata baraza la pamoja mwaka 1988 lililovunjwa mwaka 1990, kisha ikatawaliwa na gavana aliyeteuliwa na rais. Mahakama ya Juu iliitenganisha mikoa hiyo mwaka 2006; Mashariki ikapiga kura mwaka 2008, Kaskazini ikangoja hadi 2013.

Kisa kilicholigusa darasa zaidi ni cha Ananthi Sasitharan. Mumewe, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa waasi, alijisalimisha kwa jeshi vita vilipokuwa vikiisha Mei 2009, na hajaonekana tena. Mama huyu alipogombea, nyumba yake ilivamiwa kabla ya siku ya kura, na asubuhi ya uchaguzi likasambazwa gazeti la kughushi lililodai kwamba amehamia upande wa serikali. Wapiga kura hawakudanganyika: katika orodha ya chama chake alikuwa wa pili kwa kura. Muungano wa vyama vya Watamili ulipata viti 30 kati ya 38, na C. V. Wigneswaran, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu, akawa Waziri Kiongozi wa mkoa.

Baraza hilo lilianza kazi likiwa limefungwa mikono. Gavana alikuwa jenerali mstaafu, na sheria ya fedha haikuweza kupelekwa barazani bila idhini yake. Madaraka juu ya ardhi na polisi, ingawa yameandikwa katika marekebisho ya 13, hayakukabidhiwa kwa ukamilifu. Gavana raia aliteuliwa Januari 2015 baada ya serikali kubadilika, na uhusiano ukalainika kiasi.

Kwangu mimi, jambo zito kuliko hayo lilitokea baadaye. Mwaka 2017 Bunge lilibadilisha mfumo wa uchaguzi wa mabaraza, likautegemeza kwenye mipaka mipya ya maeneo ya kura; Agosti 2018 Bunge lilelile likaikataa ripoti ya mipaka hiyo. Sheria ya zamani ikawa imeondoka na mpya haitumiki. Muhula wa Kaskazini uliisha Oktoba 2018, na hadi ninapoandika mabaraza yote tisa hayajachaguliwa upya. Tarehe 21 Septemba 2024, miaka 11 kamili baada ya kura ile, nchi ilimchagua Anura Kumara Dissanayake kuwa rais, na suala la mabaraza bado linamngoja.

Darasani wapo waliosema kwamba baraza lisilo na fedha wala ardhi halistahili kupigiwa kura. Ninawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Takriban theluthi mbili ya waliojiandikisha Kaskazini walipiga kura wakijua udhaifu wa baraza lao, kwa sababu mtu aliyechaguliwa anaweza kudai hadharani yale ambayo mteuliwa hatayadai. Hasara kubwa ni kunyimwa kura ya pili, ambayo ingewapa nafasi ya kuwapima waliowachagua. Ibara ya 177 ya Katiba yetu imeitaja siku yenyewe, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, ili tarehe ya kuchagua mabunge ya kaunti isiachwe mikononi mwa wanasiasa. Nakiri kwamba kabla ya mwaka huu niliisoma ibara hiyo bila kuuona uzito wake.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba mwaka 2025 tuandae kijitabu cha Kiswahili kuhusu ibara hiyo na tukipeleke katika mikutano ya wadi, tukianzia Kawangware na Eastleigh, ambako wanachama wamejitolea kuwa wenyeji. Pendekezo hilo ni la nne katika ajenda, na litahitaji kura zenu kabla ya uchaguzi wa viongozi kuanza.