Kuingia Kwenye Soketi Si Kuwaka: Prosesa na Mazabodi kwa Kompyuta ya Gemu ya Bei Nafuu

Ujumbe tunaoupokea sana dukani huja na maneno karibu yaleyale: "Kaka, nimepata i5 kwa bei ya kutupa, nimeipachika, feni zinazunguka ila haileti picha. Nimeuziwa mbovu?" Mara nyingi prosesa (ubongo wa kompyuta, kama hiyo i5 ya Intel) ni nzima kabisa, na mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote, nayo ni nzima. Tatizo ni kwamba viwili hivyo havielewani, na aliyeuza aliangalia jambo moja tu: kama inaingia.

Soketi (kikao cha prosesa kwenye bodi) inayoumiza wengi ni LGA 1151. Intel waliitumia kwa kizazi cha 6 na cha 7, kisha mwaka 2017 wakatoa kizazi cha 8 kwa soketi yenye jina lilelile na idadi ileile ya pini. Mtu ana bodi yenye chipseti (chipu kuu ya bodi) ya H110 au B250, na prosesa ya i5-7400 (kizazi cha 7) ya kori nne, yaani vitengo vinne vya kuchakata. Anaona i5-8400 (kizazi cha 8) ya kori sita inauzwa, anasoma 1151 pande zote mbili, anatoa hela. Inakaa vizuri, kifuniko kinafunga, na haiwaki. Intel walikuwa wamebadilisha mpangilio wa pini za umeme kwa ajili ya prosesa zenye kori nyingi zaidi, hivyo kizazi cha 8 na cha 9 vinataka chipseti za mfululizo wa 300: H310, B360, B365, Z370, Z390. Mwenye H110 mwisho wake ni i7 ya kizazi cha 7. Ukitaka kuvuka hapo unabadilisha bodi pia, na hiyo hela inabidi uihesabu kabla hujaifurahia bei ya prosesa.

Mwaka 2020 wakahamia LGA 1200 kwa kizazi cha 10, kisha kikafuata cha 11. Hapa napo angalia: bodi za H410 na B460 kwa kawaida hazipokei kizazi cha 11, wakati H510 na B560 zinapokea vyote viwili.

LGA 1700 imetulia zaidi. Inabeba kizazi cha 12, 13 na 14, kwa chipseti za H610, B660, B760 na zile kubwa za Z. Bodi za mwanzo, kama H610 na B660, huenda zikahitaji toleo jipya la BIOS, ile programu ndogo ya kuiwasha bodi, kabla ya kupokea kizazi cha 13 au 14. Mtego wake mkubwa uko kwenye RAM. Bodi za jina karibu moja zinauzwa kwa aina mbili, moja ya DDR4 na nyingine ya DDR5, na RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine hata ukilazimisha. Baadhi ya watengenezaji huandika D4 mwishoni mwa jina la bodi. Wengine wanakuachia usome maandishi madogo. Soma maandishi madogo.

AMD: inaingia, inakubalika, na bado haiwaki

Soketi ya AM4 ndiyo iliyowafaa watu wa bajeti kuliko zote. Prosesa za kwanza za Ryzen zilitoka mwaka 2017, na soketi hiyohiyo ikaendelea mpaka Ryzen za 5000. Ryzen 5 5600, iliyotoka mwaka 2022, ina kori sita na thredi (kazi inazozishika kwa pamoja) kumi na mbili, na inaweza kukaa kwenye bodi ya B450 ya mwaka 2018. Lakini bodi hiyo ilitengenezwa miaka kadhaa kabla ya prosesa hiyo, na kama BIOS yake haijawahi kuguswa, haiijui. Ukiwasha unapata feni na taa, skrini nyeusi.

Dawa ni kuapdeti BIOS, na hapo ndipo mtu anajikuta amebanwa. Ili kuapdeti kwa njia ya kawaida lazima kompyuta iwake, na ili iwake inahitaji prosesa ya zamani ambayo bodi inaifahamu. Bodi chache zina kitufe cha nyuma kinachokuruhusu kuapdeti kwa flashi bila prosesa yoyote. Ukiwa unachagua kati ya B450 mbili za bei inayokaribiana, chukua yenye kitufe hicho bila kusita. Kama yako haina, ilete. Tunayo Ryzen ya zamani tunayoitumia kwa kazi hiyo tu, na ukinunua bodi na prosesa kwetu hatukutozi.

Tahadhari moja, hasa kwa wanaotaka kujifanyia wenyewe nyumbani: usiapdeti BIOS kwenye umeme wa ukutani mtupu. Tumia UPS, na uhakikishe betri yake bado inashika. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, BIOS inabaki nusu na bodi haiwaki tena, mpaka apatikane fundi wa kuiandika upya ile chipu kwa kifaa maalumu. Kama kwenu umeme unacheza siku hiyo, ahirisha. Jua pia kwamba kwenye baadhi ya bodi chipu ya BIOS ni ndogo, kwa hiyo toleo jipya linaongeza prosesa mpya kwa kuziondoa za zamani. Usidhani utaweza kurudisha Ryzen yako ya kwanza baada ya hapo.

Kuna na kinyume chake, ambacho watu hawakitegemei. Bodi mpya zaidi, B550 na A520 za mwaka 2020, haziziorodheshi Ryzen za 1000 na 2000. Ryzen 5 2600 ya mtumba kwenye B550 mpya ni kucheza pata potea. Na usidanganywe na namba: Ryzen 3 3200G na Ryzen 5 3400G zinaonekana kama za mfululizo wa 3000, ila ndani ni za ukoo wa nyuma, nazo hazimo kwenye orodha rasmi ya B550.

Desktopu za ofisini kutoka nje

Kompyuta nyingi za gemu hapa Dar zinaanzia kwenye Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre ya mtumba. Hatuzidharau; tunaziuza. Yenye i5 ya kizazi cha 8, ukiiongezea RAM na kadi ndogo ya grafiki kama GTX 1650 isiyohitaji waya wa umeme, inacheza eFootball na Valorant vizuri tu. Kama ni lile kasha jembamba, kadi iwe ile ya kimo kifupi (low profile), ama sivyo kifuniko hakifungi.

Tatizo linakuja mteja anapotaka kuikuza. Mazabodi ya mashine hizi imetengenezwa kwa kasha lake tu. Pawasapulai nyingi ni za wati 180 hadi 260 na hazina plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo huwezi kuchomeka pawasapulai ya wati 550 uliyonunua Kariakoo bila kutafuta adapta. BIOS nayo inatambua prosesa zilizouzwa na modeli ile na si zaidi: OptiPlex 7050 ni ya kizazi cha 6 na 7, ukitaka cha 8 unahitaji 7060; kwa HP EliteDesk 800, matoleo ya G3 na G4 yametengana hivyohivyo. Upande wa Ryzen PRO, zile za kompyuta za kiofisi, kuna jambo gumu zaidi. Baadhi ya kompyuta za Lenovo huifunga prosesa yenyewe kwa kampuni ile, kama simu iliyofungwa kwa mtandao mmoja. Ukiing'oa na kuipeleka kwenye bodi ya kampuni nyingine, haiwaki, na hakuna fundi wa kuifungua. Ukiona Ryzen PRO inauzwa peke yake kwa bei ya ajabu, uliza ilitoka kwenye mashine gani.

Hizo bodi za Kichina za X99 zenye Xeon (prosesa za seva za Intel) kuukuu tunaulizwa sana. E5-2680 v4 ina kori 14 kweli, lakini kila kori ni ya polepole, na magemu mengi yanajali kasi ya kori chache kuliko wingi wake. Hatuziweki dukani.

Sisi tungechagua nini

Mwenye bajeti ya chini anayejenga upya tunampa i3-12100F kwenye H610 ya DDR4. Ni kori nne tu, lakini za haraka, haina joto kali, na soketi inamruhusu kupanda baadaye hadi i5-12400F bila kugusa bodi. Hatushauri kurundika i7 kwenye H610 ya bei ya chini kabisa: sehemu zake za kugawa umeme mara nyingi hazina hata bamba la kupozea, zikipata moto prosesa inajipunguza kasi, na unabaki umelipia nguvu usiyoitumia.

Anayeweza kuongeza kidogo, Ryzen 5 5600 kwenye B550. Hapa tunabishana na wateja kila mara, kwa sababu Ryzen 5 5500 ni ya bei ndogo na majina yanakaribiana. Tofauti iko kwenye kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa), megabaiti 32 dhidi ya 16, na magemu yanaihisi. Tofauti ya pili imejificha: 5500 inatumia PCIe (njia inayounganisha kadi na prosesa) ya 3.0, 5600 inatumia 4.0. Kwa kadi nyingi hutaona kitu. Lakini RX 6500 XT, ambayo wengi wanaipenda kwa bei yake, imeunganishwa kwa njia nne tu za PCIe. Ukiiweka kwenye PCIe 3.0 njia hiyo inakuwa finyu, na kwa kuwa kadi ina GB 4 tu za kumbukumbu, gemu zito linaanza kukwama. Hata bodi ya B550 haikuokoi ukiwa na 5500, wala 5600 haikuokoi ukiwa na A520. Kwa kadi hiyo vyote viwili lazima viwe vya 4.0. Tukiulizwa, tunasema kusanya zaidi uchukue RX 6600.

Herufi F kwa Intel maana yake haina grafiki ya ndani. Ryzen 5 5600 na 5500 pia hazina. Tundu la HDMI kwenye bodi litakuwepo, ila ukichomeka skrini pale hupati kitu mpaka uweke kadi. Kama kadi utanunua mwezi ujao, chukua i3-12100 isiyo na F, au Ryzen 5 5600G, na RAM iwe mbili za GB 8 badala ya moja ya 16; grafiki ya ndani inakula kwenye RAM na inazihitaji zote mbili zifanye kazi pamoja.

AM5 ndiyo soketi mpya ya AMD tangu 2022, nzuri kwa anayefikiria mbali, lakini inakubali DDR5 pekee. RAM imepanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025, kwa hiyo mwenye DDR4 zake mkononi azitunze na ajenge kuzizunguka.

Jambo la mwisho la kuhesabu ni Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8 na Ryzen za 2000. Valorant kwenye Windows 11 inakataa kufunguka bila TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta, kuwashwa. Ndiyo sababu hatununui tena kizazi cha 6 na 7 kwa ajili ya gemu, hata kikija kwa bei nzuri.

Kabla hujalipia prosesa popote, kwetu au kwa jirani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha tutumie picha ya ukurasa unaofunguka. Jina la bodi na toleo la BIOS vyote vipo pale. Kompyuta ikiwa haiwaki, fungua kasha upige picha ya maandishi makubwa yaliyo kwenye bodi yenyewe, pamoja na yale madogo ya pembeni yanayoanza na REV, kwa kuwa bodi moja inaweza kuwa na matoleo mawili yenye BIOS tofauti. Picha ya boksi haitusaidii: boksi la bodi ya mtumba mara nyingi ni la bodi nyingine.