YAH: Malalamiko kuhusu nailoni ya matandazo mliyoiuza kuwa "inaoza udongoni"

Kwa Meneja wa Mauzo,

Ndugu Meneja,

Nilinunua kwenu nailoni ya matandazo, ile ya kufunika tuta, ya rangi ya fedha juu na nyeusi chini, kwa sababu lebo yake inasema inaoza yenyewe shambani na mkulima hana haja ya kuing'oa baada ya mavuno. Haikuoza. Imekatikakatika tu, na tofauti ya mambo hayo mawili kampuni ya plastiki haiwezi kusema haiijui.

Ilipokuwa mpya sikuwa na neno. Upande wa fedha uliwavuruga vidukari na inzi weupe, mweusi ukayanyima magugu mwanga, unyevu wa mipira ya matone ukakaa kwenye tuta. Ndago ilitoboa, lakini ndago hutoboa nailoni ya mtu yeyote, hilo siwadai.

Pilipili hoho zikiwa bado kwenye maua, sehemu iliyopigwa na jua ikaanza kuvunjika kwa kuguswa tu. Upepo ukapeperusha vipande hadi kwenye mfereji, na magugu yakajaza palipobaki wazi. Sasa fukueni kingo tulizozifunika kwa udongo ili kuishikilia nailoni: ni nzima, na ukizivuta zinavutika kama siku zilipotoka kwenye roli. Kitu kinacholiwa na vijidudu vya udongo kingeanza kulika pale pale penye udongo na unyevu. Chenu kimevunjwa na jua, na gizani kimesalia. Kwa dalili hizo naamini mmeniuzia polithini ya kawaida iliyotiwa kiungo cha kuifanya ipasuke haraka. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku bidhaa za plastiki ya namna hiyo kuingizwa sokoni tangu 2021, kwani haiozi ipasavyo. Huishia kuwa chembe ndogo ndogo.

Ofisa wenu aliniambia kwa simu nilime juu yake, eti mvua zitaimaliza. Mvua imalize plastiki! Vipande virefu vinajisokota kwenye haro ya kuvunjavunja udongo, vifupi vimeshachanganyika na udongo na haviokoteki. Nailoni ya kawaida isiyo na ahadi yoyote, ya unene wa maikroni 25 au 30, ningeiondoa msimu ukiisha ikiwa bado na nguvu ya kuvutwa. Hii yenu haivutiki wala haiozi, na kuichoma sitaichoma, moshi wake ni sumu.

Naomba mnijibu kwa maandishi nailoni hii imetengenezwa kwa malighafi gani na imepimwa kwa kiwango kipi. Kipo kiwango cha Ulaya cha matandazo yanayooza udongoni, EN 17033 cha 2018, kinachotaka asilimia 90 ya kaboni yake igeuke hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) ndani ya miezi 24 katika maabara. Kama mnacho cheti, kileteni nikione. Kama hamna, nirudishiwe fedha zote, roli ambazo sijazifungua mje mzichukue, gharama ya vibarua wa kuokota mabaki iwe juu yenu, na maneno hayo yaondolewe kwenye lebo kabla ya msimu ujao wa kupanda.

Nimehifadhi risiti, lebo, picha, na kipande cha ukingo uliofukiwa pamoja na cha juu. Msiponijibu ndani ya siku 14, nitavipeleka kwa mamlaka ya viwango.

Wenu,
Mkulima wa mboga