Gari likizama mchangani, toa upepo kabla ya kutafuta kamba

Mhariri,

Gari la fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, likikwama kwenye mchanga laini, mara nyingi mambo mawili hufanyika kwa pamoja: dereva anazidi kukanyaga mafuta, na wenzake wanatafuta kamba. La kwanza hulizamisha gari, la pili huweza kuua mtu. Naomba nafasi kidogo nieleze kazi inayotakiwa kutangulia yote hayo, nayo haihitaji gari la pili wala nguvu: kupunguza upepo wa matairi.

Tairi lililojazwa kwa safari ya lami, tuseme PSI 35 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo), hugusa mchanga kwa kipande kifupi na uzito wote hushukia hapo. Ukilishusha hadi 16 au 18, linalala. Alama yake inarefuka kwenda mbele na nyuma zaidi kuliko inavyotanuka pembeni, na urefu huo ndio unaolibeba gari juu ya mchanga badala ya kulichimbia. Ndiyo maana aliyenunua matairi mapana akayaacha yamejaa ndi huzama vilevile, pamoja na gharama zake. Gari likiwa limezama hasa, shuka hadi 12, na kwa dharura hata 10. Chini ya hapo ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu, hasa ukikata kona ghafla. Tumia geji, usipime kwa jicho wala kwa teke, kwa sababu tairi lenye ubavu mgumu huonekana limejaa hata likiwa limepungua nusu.

Lakini upepo hautasaidia kitu ikiwa gari limeshakaa kwa tumbo. Magurudumu yakianza kuzunguka bila gari kusogea, ondoa mguu papo hapo. Kila mzunguko hutupa mchanga nyuma na kulishusha tairi, mpaka difu (bonge la gia katikati ya ekseli) na chasisi zinalala chini. Likifika hapo, uzito umehama kutoka kwenye magurudumu kwenda kwenye tumbo, na gurudumu lisilobeba uzito halina mshiko, hata ukifunga loki zote za difu. Kwa hiyo zima injini, shuka, inama uchungulie. Ukiona mwanga wa upande wa pili chini ya difu, matairi bado yanabeba. Usipouona, chukua koleo. Angalia pia bomba la moshi: likiwa limefukiwa, usiwashe injini kabla ya kulifukua, kwa kuwa moshi wake unaweza kuingia ndani ya gari na hewa hiyo ya sumu haina harufu.

Anza kuchimba chini ya tumbo, kwa koleo la mpini mrefu ili usilazimike kuingia uvunguni. Kisha njoo kwenye magurudumu, yote manne. Wengi huchimba mawili tu yaliyokuwa yanazunguka wakasahau kwamba mengine nayo yana ukuta wa mchanga mbele yake. Kwa kila gurudumu, upande utakaotokea, tengeneza mteremko mlaini wa karibu mita moja. Ukichimba shimo la wima tu, umejenga kizingiti kingine. Mchanga unaoutoa utupe mbali, la sivyo utarudi.

Utoke kwa upande gani? Mara nyingi kwa nyuma. Njia uliyojia imeshashindiliwa na matairi yako mwenyewe, ilhali ya mbele huijui. Kama una vibao vya kuokolea, visukume chini ya tairi mpaka meno yake yaume mpira. Kuviweka mbele ya tairi na kutumaini litavipanda ni kupoteza muda. Tairi likizunguka juu ya meno hayo, ya plastiki huyeyuka mara moja. Asisimame mtu upande ambao kibao kinaweza kuruka.

Abiria washuke, mizigo mizito ishushwe. Weka gia nzito za fowili (4L), funga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kama ipo, zima mfumo wa kuzuia utelezi maana hukata nguvu pale unapoihitaji. Kwa gari la klachi, ondoka na gia ya pili, kwa sababu ya kwanza ina nguvu nyingi mno na huzungusha tairi kabla gari halijasogea. Usukani uwe umenyooka, kwa kuwa magurudumu ya mbele yaliyopinda husukuma mchanga badala ya kuupanda. Ongeza mafuta polepole, na likishatoka usisimame mpaka ardhi ngumu. Unapotaka kusimama achia mafuta tu, mchanga wenyewe utalisimamisha. Breki hujenga tuta mbele ya kila tairi, na tuta hilo ndilo litakalokukwamisha unapoondoka. Likianza kuzama tena, acha, toa PSI mbili zaidi, chimba upya.

Kama yote hayo yameshindikana, sasa ndipo kamba, na hata hapo gari liwe limeshachimbuliwa. Mkanda wa kunyumbuka, ambao kwa kawaida huwa na urefu wa mita 9, hutanuka na kuhifadhi nguvu kisha hulivuta gari kwa mkupuo. Uwe na uwezo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya mawili hayo. Mnyororo na waya wa chuma havinyumbuki, kwa hiyo usivute kwa kushtua navyo. Funga kwenye ndoano au pete zilizotengenezwa kwa kuvutia na kufungwa kwenye chasisi. Usifunge kwenye bampa, wala kwenye vijicho vya kufungia gari juu ya lori, na kamwe usifunge kwenye tufe la kuvutia tela. Tufe hilo likikatika shingoni huruka kama risasi na kupita kwenye kioo, na limeshaua watu.

Mikanda miwili haiunganishwi kwa shakeli (pete ya chuma yenye pini), kwa sababu mmoja ukikatika shakeli nayo itaruka. Pitisha kitanzi cha mmoja ndani ya cha mwingine, na katikati ya fundo weka gazeti lililokunjwa kwa kubanwa ili visikazane mpaka visifunguke. Hili hapa linatosha kabisa, Mhariri, baada ya kusomwa. Tandika blanketi zito juu ya mkanda, na watazamaji wakae pembeni, umbali wa angalau mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, yaani mita 14 hivi kwa ule wa mita 9. Asiwepo mtu wa kuuruka mkanda uliokazwa, hata kwa kupiga picha.

Ufukweni kuna saa nyingine ya kutazama, ile ya maji kujaa, na siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda mbali zaidi. Kama yanakuja, mizigo na watu waondolewe kwanza.

Baada ya kutoka, usizidi kilomita 40 kwa saa na kata kona kwa upana. Jaza upepo kabla ya kurudi lami, kwani tairi lililolegea hujikunja ubavuni kila mzunguko, hupata joto na kupasuka. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ikae garini pamoja na geji na koleo.

Fundi wa magari, msomaji wako