Yah: Malalamiko kuhusu Hilux mliyoniuzia na chujio la oili mlilolitupa kwenye ndoo ya taka

Meneja,
Mauzo ya Magari Yaliyotumika,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Namba ya gari mnayo, ankara mnayo, na masharti ya dhamana ya miezi 3 mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayanukuu.

Chujio nililowaletea Jumanne, lile la mdomoni mwa pampu ya oili, limetoka kwenye sampu (bakuli la oili chini) ya injini ambayo karatasi yenu inasema "imekaguliwa, iko safi". Limezibwa na masizi magumu kama lami iliyokauka. Matundu yaliyobaki wazi hayafiki robo. Kwa injini ya 1KD, dizeli ya Toyota iliyomo kwenye Hilux hii, hilo si la ajabu, na ninyi mnaouza Hilux kila mwezi mnalijua. Washa ya shaba iliyo chini ya nozeli inayopulizia dizeli ikivuja, moshi wa silinda hupenya hadi chini ya kava la hedi na kuunguza oili, kisha masizi hushuka kwenye sampu na kuziba chujio. Pampu inabaki kunyonya hewa. Tabo, inayosukuma hewa kwenye injini, hutangulia kufa, zinafuata beringi za konrodi. Dalili ni taa ya oili kupepesa injini ikiwa ya moto na gari limesimama linaunguruma tu. Taa hiyo iliwaka siku ya 19 tangu mnikabidhi ufunguo, kwenye mlima wa kutoka Igawilo kwenda Isyonje. Dereva alizima palepale, lakini injini ilikuwa imeshanoki.

Afisa wenu wa kaunta alilishika chujio kwa ncha za vidole, hakugeuza hata upande wa matundu. Akasema mbele ya wateja watatu: "Mama, wewe tuletee fundi wako tuongee naye." Kisha akalitupa kwenye ndoo ya taka, juu ya maganda ya ndizi.

Baadaye mkaniandikia kwenye simu kwamba gari lilipakiwa lumbesa za viazi. Tafadhali. Mzigo unavunja springi, unakata sienta boti inayoshika springi pamoja na kuua beringi za hab za magurudumu ya nyuma, na vyote hivyo ni vizima, njooni mpime. Mzigo hautengenezi masizi ndani ya sampu. Yale ni masizi ya muda mrefu, si ya siku 19.

Kuyagundua kabla ya kuuza hakukuhitaji utaalamu wa ajabu. Unafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma: moshi ukitoka kwa mapigo, washa zinavuja au ringi zimechoka. Unachomeka mashine ya uchunguzi na kusoma marekebisho ambayo kompyuta ya gari inaifanyia kila nozeli. Moja ikijitenga sana na wenzake, ya kwanza kufunguliwa ni hiyo. Ukiwa bado na shaka, unashusha sampu na kutazama chujio kwa macho, kazi ya nusu siku. Na washa ikishafunguliwa hairudishwi, inawekwa mpya. Fundi wangu amekuta tatu kati ya nne ni za zamani, moja imepakwa silikoni. Silikoni! Kwenye moto wa silinda.

Na chasisi je? Siku ya kununua niliuliza kwa nini imepakwa rangi nyeusi mbichi, nikajibiwa ni "kinga". Gari limetoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula chuma. Nyuma, panapofungwa springi za kushoto, bisibisi imezama hadi kwenye mpini.

Narudia la kaunta, maana mnaonekana kulichukulia dogo. Alilishika kwa ncha za vidole. Akasema nilete fundi wangu, kana kwamba mimi nimebeba sufuria. Alipolitupa, masizi yakamwagika kwenye marumaru, akamwita binti wa usafi: "Njoo ufute uchafu wa huyu mama." Uchafu ule, Ndugu Meneja, umetoka ndani ya gari lenu. Niliinama mwenyewe nikalitoa ndooni, na hakuna aliyesema pole.

Naomba mnilipe gharama za matengenezo, risiti nimeambatanisha: nozeli 4 shilingi 1,680,000, tabo ya mtumba 950,000, kusaga kranki na beringi zake 460,000, pampu ya oili na chujio jipya 450,000, gasketi, oili na filta 350,000, ufundi 500,000. Jumla 4,390,000. Chasisi haimo humo, na sitaichomelea kwa pesa yangu. Kwa kweli, nikiitazama, kulipwa matengenezo peke yake hakutoshi: lichukueni gari, mnirudishie bei yote pamoja na hizo 4,390,000. Na afisa yule aniombe radhi kwa maandishi, si kwa simu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa siku 14. Chukueni 7. Siku ya 8 nitakuwa mahakamani, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, itasomwa huko.

Chujio lipo kwangu, limefungwa kwenye gazeti. Sijalisafisha. Safari hii leteni fundi wenu tuongee naye.

Wenu,
Mnunuzi wa Hilux,
Uyole, Mbeya.

Nakala: Tume ya Ushindani (FCC)