Nataka kusomea wanyamapori, mjomba anataka niwe nesi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 21, naishi Pasua, Moshi. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia), na matokeo yangu yananiruhusu kuomba chuo. Nataka kusomea usimamizi wa wanyamapori. Katika ukoo mzima anayeniunga mkono ni bibi, mzaa mama.

Bibi analima mahindi na maharage Siha, magharibi mwa Mlima Kilimanjaro. Upande ule tembo hupita ushoroba wa Kitendeni, yaani njia yao ya kuhama, kati ya mlima na Amboseli ya Kenya, na mahindi yakikaribia kukomaa huingia mashambani usiku. Watu wamezungushia kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, wametundika mizinga ya nyuki, wamekesha wakipiga madebe. Shamba likiliwa unaomba kifuta jasho, yaani fedha za serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, na alichopata bibi hakikurudisha hata hela ya mbegu na mbolea. Pamoja na yote hayo hataki tembo wauawe. Anataka mtu wa uhifadhi afike kijijini kabla ya mavuno, akae na wakulima wapange ulinzi. Shangazi, mimi nataka kuwa mtu huyo.

Baba alishafariki, na ada yangu analipa mjomba. Amesema atalipia uuguzi tu. Anasema nesi hakosi kazi hata zahanati binafsi, ila nafasi za TANAPA (hifadhi za taifa) na TAWA (mamlaka ya wanyamapori) zikitangazwa waombaji ni wengi mno. Hilo silibishi. Ninachokataa ni anaposema kwamba kwa kuwa hifadhi sasa ziko chini ya Jeshi la Uhifadhi, lenye vyeo na mafunzo ya kijeshi, basi si mahali pa mtoto wa kike. Askari wa kike wapo, na kazi wanaifanya vizuri.

Chuo cha wanyamapori cha Mweka kiko hapa hapa Moshi tangu 1963, na kinatoa astashahada, stashahada na shahada. Rafiki yangu ananishauri nianze na astashahada ya chuo cha wanyamapori cha Pasiansi, Mwanza, niingie kazini kama askari, halafu nijiendeleze. Naogopa nitaishia kwenye doria, wakati moyo wangu uko kwa wanavijiji na mashamba yao.

Naomba ushauri wako na wa wasomaji walio kwenye kazi hii. Niombe shahada Mweka na mkopo wa Bodi ya Mikopo, hata kama mjomba atanuna? Au nisome uuguzi kwanza, nijilipie wanyamapori baadaye? Na jumuiya za hifadhi, zile za vijiji vinavyotunza wanyamapori kwenye ardhi yao, kama Enduimet, huwa zinachukua wahitimu wa kukaa na wanakijiji, au ni askari tu?

Mjomba ametulea, sitaki kumvunjia heshima, na mama hathubutu kumpinga kaka yake. Je, niende kuzungumza naye mwenyewe, au nimwombe bibi, ambaye ndiye aliyemzaa, aanze yeye?

Binti wa Pasua, Moshi